Kota, Uraiani, Boma

Sina picha hata moja ya nyumba niliyokulia. Si kwamba hatukuwa na kamera. Baba alinunua simu yenye kamera mwaka 2007 na alitupiga picha kila mahali, ufukweni Raskazone, harusini Muheza, hata sokoni Ngamiani. Ila nyumba yetu ilikuwa ndani ya kambi ya jeshi, na kambini hakupigwi picha. Nje ya uzio kulikuwa na kibao cha kuwaonya wapita njia kwamba hili ni eneo la jeshi. Sisi wa ndani hatukuwekewa kibao, tulikuwa na mama. Usimwambie mtu geti linafungwa saa ngapi. Usihesabu magari. Ukiulizwa shuleni baba anafanya kazi gani, sema ni mtumishi wa serikali.

Kwa hiyo hata hapa sitakitaja kikosi. Itoshe kusema ni mkoa wa Tanga, na kwamba upepo wa bahari ulitufikia.

Nayaandika haya kwa sababu ya swali la kaka yangu. Naye ni askari, koplo sasa, na mwaka jana alihamishiwa Tanga akiwa na mke na mtoto wa miaka miwili. Akanipigia simu usiku, mimi nikiwa hosteli Dar es Salaam ninakosoma shahada ya uzamili ya historia. "Mdogo wangu," akasema, "kota imepatikana. Wifi yako hataki. Anataka tupange uraiani. Wewe msomi, na wewe ni mtoto wa kota kama mimi. Tufanyeje?"

Nilidhani nitamjibu siku ile ile.

*

Kota zetu zilikuwa nyumba ndefu zilizogawanywa, kila familia vyumba viwili, jiko kwa nyuma, na kipande cha ardhi cha kulima mchicha. Baba alitoka Mara. Jirani wa kulia alitoka Songea, wa kushoto Pemba, na aliyekuwa mbele yetu Singida. Watoto tulichanganya lafudhi zote hizo, kisha tukazifunika kwa Kiswahili cha Tanga tulichokiokota shuleni. Tanga wana msemo wao maarufu kwa mgeni: waja leo, waondoka leo. Wenyeji huutamka kwa utani, lakini kambini ulikuwa maelezo sahihi ya maisha. Kila mwaka kuna lori lililopakia vitanda vya mtu na lori lililoshusha vya mwingine.

Kodi hatukulipa. Hatukujua LUKU ni nini. Umeme ulikuwepo, na ukikatika ulikatika kwa wote. Maji yalitoka bombani. Ukiugua usiku unapelekwa zahanati ya kikosi kwa miguu. Mwizi hakuwepo. Nimesikia watu wakisema askari anaishi bure, na kwa hesabu ya shilingi ni kweli.

Bei yake ilikuwa ya namna nyingine. Shangazi akija kutoka Musoma, anaandikwa jina getini kama mzigo uliofika stendi. Wake wawili wakigombania kamba ya kuanikia, ugomvi wao unafika ofisini na wanaoitwa kujieleza ni waume zao. Mama hakuwa ameajiriwa na jeshi, lakini alikuwa na cheo: alikuwa mke wa sajini, na mke wa kapteni alimwamkia kwa sauti iliyojua hivyo. Usafi wa uwanja ulikaguliwa. Na saa kumi na mbili jioni bendera iliposhushwa, kila kiumbe kilisimama. Tukiwa tunacheza rede, mpira uliachwa ubingirike wenyewe. Aliyekuwa na maji kichwani alisimama na maji yake. Nilikuwa na umri wa miaka mitano nilipojifunza kusimama hivyo, na sikuwahi kufundishwa na mtu.

Mara mbili nilishuhudia familia ikiondoka kwa kustaafu, ambako ni tofauti na kuondoka kwa uhamisho. Anayehamishwa anakwenda kwenye kota nyingine. Anayestaafu anakabidhi funguo. Familia moja iliondoka ikaacha nyanya zimeiva bustanini. Mama alisimama mlangoni akiziangalia zile nyanya muda mrefu kuliko alivyoangalia lori. Wakati huo sikuelewa alikuwa akiona nini.

*

Mama yangu alizaliwa kambini pia, ila si ya jeshi. Tanga neno kambi lina maana iliyotangulia jeshi letu: ni makazi ya wafanyakazi wa mkonge. Zao hilo lililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Alivileta vichipukizi kutoka Florida, vikafika vizima 62 tu, vikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na hivyo 62 yakaenea mashamba ya pwani yote hii mpaka Korogwe na kuvuka. Wakataji waliletwa kwa mkataba kutoka mbali, wakapewa namba, wakaitwa manamba. Babu, baba yake mama, alikuja kutoka Kigoma miaka ya 1950. Alipewa namba, panga na chumba.

Mwaka 1967 serikali ilitaifisha mashamba mengi ya mkonge. Nchi ilikuwa imevuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katika nusu ya kwanza ya muongo ule. Miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameporomoka vibaya, kamba za plastiki zimejaa duniani na mashamba yamegeuka pori. Babu alipunguzwa kazi mama akiwa na miaka kumi na mitano. Chumba kilikuwa cha shamba. Walipewa mwezi mmoja. Babu alikuwa ameishi pale zaidi ya miaka thelathini, amezika watoto wawili pale, na hakuwa na tofali moja lenye jina lake, si Muheza wala Kigoma, ambako ndugu walikuwa wameshagawana shamba.

Basi mama aliolewa na askari, akaingia kota akiwa tayari anajua mwisho wake. Baba alikuwa akisema, "Nyumba bure, maji bure, ulinzi bure, nihame niende wapi?" Mama alimjibu neno lile lile kwa miaka: "Bure ya mtu ina siku yake ya kudaiwa."

Hoja yake haikuwa rahisi kuielewa, kwa sababu kwa hesabu ya kawaida anayekaa bure ndiye anayeweza kuweka akiba. Mama aliwatazama majirani na kuona kinyume. Aliyekaa kota aliiona siku ya kustaafu kama jambo la mwaka mwingine. Mshahara ulitumwa nyumbani kwa wazazi, ulinunua redio, ulisomesha mdogo wake. Kiwanja kilisubiri. Kisha uhamisho ukaja, na mtu atanunuaje kiwanja mji ambao ataondoka? Mwaka 2008, baada ya kubishana mpaka wakachoka, walinunua kiwanja Pongwe. Mwaka 2010 mama akasema yeye na sisi tunahamia uraiani, baba akitaka atufuate. Akatufuata.

*

Chuoni nimekutana na watu waliotutangulia. Mwanahistoria Michelle Moyd, katika kitabu alichokitoa mwaka 2014 kuhusu askari Waafrika wa jeshi la Kijerumani, anaeleza jinsi askari wale walivyoishi na wake, watoto na watumishi wao katika vijiji vilivyojengwa kando ya boma. Boma lilikuwa ngome na ofisi ya Mjerumani. Kijiji cha askari kilikuwa pembeni yake. Wanawake walipika, waliuza, walilea. Jeshi lilipohama, kijiji kilihama nalo. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza na kikosi cha Waingereza kutoka India kikashushwa hapa Tanga Novemba 1914, kikapigwa kikarudi melini, hadithi inayosimuliwa ni ya jenerali, nyuki na bunduki zilizoachwa. Mimi nikiisoma naanza kuuliza wake wa askari wale walikuwa wamelala wapi usiku ule.

Kusoma hivyo kulinipa jambo moja la kumwambia kaka. Tunazungumza kana kwamba familia ya askari ni mzigo ambao jeshi limeubeba kwa huruma. Lakini tangu kijiji cha kando ya boma, nyumba ya askari imekuwa sehemu ya mtambo. Jeshi likimpa mtu nyumba linapata askari aliye karibu, anayeitwa usiku na kufika kwa dakika tano, na ambaye mkewe anaogopa kumharibia kazi. Hiyo si lawama. Ni hesabu, nayo ina faida pande zote mbili. Ila mke ndiye aliyekuwa upande wa tatu, na kwake hesabu haikupigwa.

Nchi nyingine zimeipiga hesabu hiyo kwa fedha. Marekani, askari anayepanga nje ya kambi hulipwa posho ya nyumba inayopangwa kwa cheo chake, kwa kuwa na wategemezi au kutokuwa nao, na kwa bei za pango za eneo analofanyia kazi. Jirani zetu wa kuvuka Horohoro walijaribu kitu cha karibu upande wa polisi: mwaka 2018 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba polisi wataishi miongoni mwa raia na kulipwa posho ya nyumba, badala ya kubanana kambini. Sisi tumejenga. Mradi mkubwa wa nyumba za wanajeshi, kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, ulikuwa wa nyumba 6,064. Nimeingia ndani ya moja, kwa rafiki, mkoa mwingine. Ghorofa safi, vigae sakafuni, choo ndani. Nilifurahi kwa ajili ya yule rafiki. Nikaangalia nje kutafuta bustani ya mchicha, haikuwepo.

*

Uraiani kwetu kulikuwa Mikanjuni. Vyumba viwili ndani ya nyumba ya wapangaji wanne, choo kimoja uani, kodi ya miezi sita inalipwa mbele. Mama alianza kuuza vitumbua asubuhi, jambo ambalo kambini lilihitaji ruhusa. Kwa mara ya kwanza aliitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza badala ya cheo cha mumewe.

Tulijifunza upya. Gwanda la baba halikuanikwa uani kamwe. Sare ya jeshi si nguo ya kuachia kamba ya watu. Ikiibiwa ni kesi, na ikionekana mgongoni mwa raia ni kesi mbili. Mama aliianika chumbani, kwenye kamba iliyopita juu ya kitanda chetu, na usiku wa mvua tulilala chini ya suruali ya jeshi ikitudondoshea. Wapangaji wenzetu walimwita baba "afande" kwa heshima iliyochanganyika na woga. Mwenye nyumba hakutudai kodi kwa kelele hata siku moja, lakini pia hakuna aliyegonga mlango wetu kuomba chumvi mpaka mwezi wa nne.

Na saa kumi na mbili jioni niliendelea kusimama. Hapakuwa na bendera. Watoto wa Mikanjuni walinipita wakikimbiza baiskeli, nami nimesimama katikati ya njia kama mlingoti. Ilinichukua karibu mwaka kuacha.

Baba alikuwa akisema uraiani ni salama zaidi kuliko kambini, kwa maana adui hupiga kambi. Maneno hayo hayakukaa. Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala, Dar es Salaam, na Februari 2011 likalipuka la Gongo la Mboto. Mabomu hayakuuliza nani anaishi ndani ya uzio. Watu waliuawa vyumbani mwao, mitaani kwao, watoto wakapotezana na wazazi usiku. Shangazi yetu alikuwa Gongo la Mboto. Alitembea na wajukuu wawili mpaka alfajiri. Tangu hapo nimeacha kuamini kwamba uzio unagawa hatari. Unagawa habari.

Hilo la habari tulilijua vizuri mwaka 2013. Umoja wa Mataifa uliunda kikosi maalumu cha kupambana na waasi mashariki ya Congo, Tanzania ikatoa askari, na baba akawa mmoja wao. Mwishoni mwa Agosti redio ilitangaza kwamba ofisa wa Tanzania ameuawa karibu na Goma. Mama alikuwa anageuza vitumbua. Hakusikia jina, alisikia "Mtanzania". Akapiga simu ya baba, haikupatikana. Akapiga tena mpaka salio likaisha.

Kota, siku kama ile, wanawake wangekuwa wamekusanyika uwanjani kabla taarifa ya habari haijaisha. Mmoja ana mume ofisini, mwingine ana ndugu mawasiliano. Habari ingefika, mbaya au nzuri, na ingewakuta wakiwa wengi. Mikanjuni alikuwepo mama, sisi wawili, na mpangaji mmoja aliyesema "pole" bila kujua anampa pole ya nini. Mama alizima jiko, akavaa kanga nyingine, akapanda daladala, kisha akatembea mpaka getini. Pale alisimamishwa kama mtu yeyote. Alikuwa ameishi ndani ya geti lile miaka saba. Kijana aliyekuwa zamu hakumjua, na alifanya kazi yake sawasawa: akamuuliza jina, akamuuliza anamtaka nani.

Alikaa kwenye gogo nje ya geti karibu saa mbili. Aliyemwona ni mke wa yule jirani wa Pemba, akitoka sokoni. Hakuuliza kitu. Aliweka kikapu chini, akaingia ndani, akarudi na jibu: siye. Kisha akakaa naye kwenye gogo, wakalia wote wawili, kwa sababu alikuwa mume wa mtu.

Mama hakujuta kuhama. Nilimuuliza mwaka huu, na akanitazama kama niliyeuliza kama anajuta kuzaa. Lakini alisema, "Kota walinipa wanawake. Hicho sikukiona mpaka nilipokikosa."

*

Kiswahili cha Tanzania kimelifanyia neno boma jambo la ajabu. Ngome ya Mjerumani ni boma. Ofisi ya mkuu wa wilaya ni boma. Na nyumba ya mtu wa kawaida iliyosimama kuta bila paa, madirisha yakiwa matundu, magugu yakiota sebuleni, nayo ni boma. Ukipita barabara ya Pongwe utayaona mengi, na mengi ni ya watumishi: walimu, wauguzi, askari. Unaweza kusoma mshahara wa mtu ukutani: mistari sita ya tofali mwaka huu, minne mwaka ujao, kisha miaka mitatu hakuna kitu kwa sababu mtoto ameingia sekondari.

Letu lilikaa boma miaka mitano. Tuliliezeka mwaka 2014 kwa fedha za Congo. Tulihamia bila dari, bila umeme, milango miwili tu. Baba alistaafu 2017 akiwa na mahali pa kuingiza kitanda chake, na siku aliyokabidhi vifaa vya jeshi hakukuwa na funguo ya nyumba ndani ya orodha. Nakumbuka alivyotembea uani kwake akitafuta kitu cha kukagua.

Hiyo ndiyo hadithi niliyokuwa nayo kaka aliponipigia, na ilionekana kutoa jibu: hama, jenga, usisubiri. Nikamwambia nitampigia wifi kwanza.

Wifi ni muuguzi Bombo. Hoja zake hazikuwa za mama. Kiwanja wanacho tayari, yeye ndiye aliyekinunua kabla ya ndoa. "Wifi," aliniambia, "mimi zamu yangu ya usiku inaisha saa moja na nusu asubuhi, nyingine inaanza jioni. Nikitoka kambini na kurudi kila siku nitaeleza getini mpaka lini? Na mtoto akae na nani? Ile nyumba imejengwa kwa mwanamke anayeshinda ndani." Hakuisema kwa hasira. Aliisema kama mtu anayesoma kipimo cha presha.

Nikagundua kwamba ndicho nilichokuwa nikikitafuta vitabuni. Nyumba ya askari, kuanzia kijiji cha kando ya boma mpaka ghorofa yenye vigae, imedhani kuna mtu mmoja anayehama na mwingine anayefuata. Mama alipigana na dhana hiyo kwa kuhama. Wifi hapigani nayo, ana mshahara wake na zamu zake, na nyumba haimtoshi kama kiatu cha saizi nyingine. Lakini kaka akitumwa mbali, kama alivyotumwa baba, nani atakaa naye kwenye gogo?

Tulikutana Pongwe sikukuu ya Pasaka, wote, sebuleni kwa mama chini ya dari iliyokamilika mwaka jana tu. Kaka alitoa hoja zake: kota bure, watamaliza kujenga ndani ya miaka mitatu. Wifi akatoa zake. Baba alisikiliza akichezea funguo zake. Mimi nilisema kuhusu habari, na kuhusu mwaka 2013, na mama akainamisha kichwa.

Kisha mama akamuuliza wifi swali moja. "Bombo mko wauguzi wangapi wenye waume jeshini?"

Wifi akafikiri. "Wanne. Hapana, watano."

"Wanakaa wapi?"

Wawili Mikanjuni, mmoja Makorora, wawili kota.

"Basi pangeni Mikanjuni, karibu na hao wawili," mama akasema. "Na namba za simu za wale wa kota uwe nazo kichwani, si kwenye simu. Simu huzima."

Kaka akafungua mdomo, baba akamwonyesha kwa mkono anyamaze, ishara ile ile aliyoitumia miaka ishirini kwa vijana wake. Walilipa kodi ya miezi sita wiki iliyofuata. Kota alipewa koplo mwingine mwenye watoto watatu, mtu wa Songea. Juzi wifi amenitumia picha kwa WhatsApp: chumba chao, mtoto kitandani, na juu yake, kwenye kamba iliyotoka ukuta hadi ukuta, gwanda likikauka. Nikamwambia aifute. Akasema ameshaifuta, lakini alitaka mtu mmoja aione.